Daftari la Mandazi

Katika chumba chetu cha kusomea hapa Nakivale kuna rafu moja ya vitabu vya Kiingereza. Vingi ni vya kompyuta za zamani na mafundisho ya dini. Mwaka jana mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake akaacha sanduku zima, na ndani yake nikakuta kitabu cha Ken Grossman kinachoitwa Beyond the Pale, kilichotoka mwaka 2013. Kinaeleza jinsi mwandishi alivyoanzisha na kukuza kiwanda cha bia cha Sierra Nevada, katika mji wa Chico, California. Nilikichukua kwa sababu moja tu: nimelelewa na mtu anayepika pombe.

Najua baadhi ya wasomaji wetu, Waislamu na ndugu wa makanisa ya uamsho, wangependa nichague kitabu kingine. Nawaomba wanivumilie kidogo. Swali langu ni la hadithi. Mtu mmoja anaanza na sufuria nyumbani, na hadithi yake inakuwa kitabu. Mwingine anaanza na sufuria kama ileile, na hadithi yake inakuwa kesi. Walitenganishwa wapi njiani?

Nianze na sifa za kitabu, maana kinazo. Grossman alikulia Los Angeles. Jirani yao, baba wa rafiki yake, alikuwa anapika bia na divai nyumbani, na mtoto akawa anachungulia. Baadaye alihamia Chico, akafanya kazi ya baiskeli, na mwaka 1976 akafungua duka dogo la vifaa vya watu wanaopika bia nyumbani. Kisha yeye na mwenzake Paul Camusi wakaamua kujenga kiwanda. Fedha za kuanzia zilitoka kwa ndugu na marafiki. Mitambo mipya ya bia ilikuwa mikubwa na ya bei kali, kwa hiyo Grossman alizunguka kwenye vyuma chakavu vya viwanda vya maziwa, akanunua matanki, akajifunza kuchomelea, akayageuza. Novemba 1980 wakapika bia yao ya kwanza. Walipofika kwenye bia ambayo ingewapa jina, Pale Ale, walimwaga mipiko karibu 10 kwa sababu ladha haikuwa ileile kila mara. Na kila mpiko ulikuwa mapipa 10 ya Kimarekani, yaani zaidi ya lita 1,100.

Sehemu hiyo niliisoma mara mbili. Mipiko 10! Kwa Shangazi yangu, mpiko mmoja ukimwagika ni karo ya muhula imemwagika.

Hizo kurasa za vyuma na moto ndizo bora zaidi katika kitabu. Mwandishi anajua kazi ya mikono na anaiheshimu. Hakufichi kwamba vidole viliungua na hesabu zilimshinda. Lakini kiwanda kikishakua, kitabu kinaanza kuchosha. Tunapewa vyombo vya shaba kutoka Ujerumani, mgahawa uliofunguliwa kiwandani mwaka 1989, ugomvi wa wenzi wawili hadi Grossman akanunua sehemu ya Camusi, na mipango ya kiwanda cha pili huko North Carolina, upande mwingine wa nchi. Yote ni kweli na yote ni makubwa, ila unasoma kama mtu anayeonyeshwa ghala. Mtu tuliyemjua, yule wa kuchomelea, tunamwona kwa shida nyuma ya matanki.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Marekani anaweza kulipita haraka, lakini sisi wa hapa linatusimamisha. Marufuku ya pombe Marekani iliondolewa mwaka 1933, na sheria iliyofuata iliruhusu watu kutengeneza divai nyumbani. Bia ikaachwa nje. Kwa hiyo Grossman alipofungua duka lake mwaka 1976, kupika bia nyumbani bado kulikuwa kosa kwa sheria ya taifa. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuhalalisha, nayo ikaanza kazi Februari 1979: mtu mzima galoni 100 kwa mwaka, karibu lita 380, na nyumba yenye watu wazima wawili galoni 200. Za kunywa nyumbani, hakuna kuuza. Anayetaka kuuza lazima atafute leseni, na Grossman aliitafuta.

Sasa angalia sheria ile iliwapa watu nini. Haikuwapa soko. Iliwapa ruhusa ya kujifunza mbele za watu. Mtu aliweza kupika, kukosea, kuonjesha jirani, kuuliza, kuandika vipimo vyake, bila kufunga pazia. Viwanda vidogo vya bia vya Marekani leo ni maelfu, na wengi wa walioanzisha walianzia kwenye jiko la nyumbani namna hiyo.

Shangazi alijifunza kwa mama yake huko Walungu, Kivu ya Kusini. Anapika kasiksi. Wasomaji wa kutoka Rwanda na Burundi mnaiita urwagwa, na Waganda wana tonto, ambayo ni ndugu yake. Ndizi si tatizo, wilaya hii ya Isingiro ni migomba mitupu. Ananunua zile za pombe, mbidde, zikiwa mbichi. Anachimba shimo, analipasha moto, anatandika majani ya mgomba, anazika ndizi humo siku tatu hadi tano kulingana na joto. Zikiiva anazimenya na kuzikamua pamoja na nyasi kavu hadi maji yatoke. Hayo ni mutobe, matamu, hata watoto wanakunywa. Kisha anatia mtama.

Mtama ndio kazi yenyewe. Anauloweka, anauacha uote, anauanika, anaukaanga kidogo, anausaga. Hicho ni kimea, jambo lilelile linalofanyiwa shayiri kabla haijafika Chico. Akishautia, anafunika jerikani, bido kama tunavyosema nyumbani, anaziacha usiku mmoja au mbili. Kujua kama iko tayari, anaweka sikio ubavuni mwa bido. Halafu anawasha njiti ya kiberiti juu ya mdomo wake. Moto ukizimika palepale, bado inachemka ndani. Gesi inayotoka wakati pombe inachachuka ndiyo inayozima moto. Wenye viwanda wana haidromita ya kupima sukari iliyobaki. Shangazi anafuatilia jambo hilohilo kwa njiti moja.

Mwezi wa tano alikuwa na miadi ya macho Kampala, nikamsindikiza. Binamu yangu anafanya usafi katika kiwanda kimoja kidogo cha bia huko, cha hawa wanaojiita wa krafti, chenye baa humohumo ndani. Sitataja jina lake, sitaki kuwatangaza wala kuwaletea maneno. Binamu alituambia tuje Jumanne mchana, wateja wakiwa wachache.

Kwa ambaye hajaingia mahali kama pale: matanki yanasimama nyuma ya kioo, marefu, yanang'aa kama vyombo vya hospitali. Bia inatoka tankini inapita kwenye mpira hadi bombani, na bombani hadi kwenye glasi yako. Hilo ndilo linalowaweka mjini. Glasi inayouzwa hatua 20 kutoka tankini haina chupa, haina gari, haina mtu wa kati wa kugawana naye. Shangazi aliielewa kabla sijamaliza kueleza. Yeye pia anauzia mlangoni.

Bei zilikuwa zimeandikwa kwa chaki. Glasi moja shilingi 15,000. Kopo la nusu lita la Shangazi ni shilingi 500. Alisoma ubao, akanitazama mimi, akasoma tena akihesabu sifuri. Binamu akatuletea ubao wa kuonja, glasi nne ndogo zimepangwa kutoka nyeupe hadi nyeusi, akasema hiyo ni juu yake.

Nimesoma wahakiki wengi, lakini sijasikia uhakiki mfupi kama ule. Glasi ya kwanza, ya ngano: "Hii ni maji ya mukate." Ya pili, yenye hopsi nyingi, alikunja uso: "Kinini!" Nikamweleza kwamba hopsi ni ua linalotia uchungu na kuifanya bia isiharibike upesi. Akatikisa kichwa. "Aa, njo maana inakaa." Ya tatu, nyeusi, aliimaliza: "Hii walikaanga mpaka mwisho, lakini haikuungua. Huyu anajua moto." Ya nne ilikuwa ya mtama na ndizi, na kwenye ubao ilikuwa ghali kuliko zote. Alikunywa kidogo, akaishika mdomoni, akameza, akanyamaza muda mrefu.

"Huyu mutu," akasema, "kuko mwenye alimufundisha."

Mpishi wa bia alikuwa kijana Mganda, mwenye adabu. Binamu alishamwambia mama huyu ni nani. Alikuja akapiga goti kidogo kumsalimia kama anavyosalimiwa mtu mzima, akaketi. Mimi nikawa mkalimani. Waliongea karibu saa nzima, na naweza kusema ni mazungumzo bora ya kitaalamu niliyowahi kuhudhuria, nikijumlisha na semina zenye chai. Shangazi aliuliza matanki yanaoshwa na nini. Kijana akasema dawa kali, halafu dawa nyingine ya kuua vijidudu, halafu maji. Yeye akasema majivu, maji ya moto na jua. Kijana akasema jua ni zuri ila halifiki pembeni. Shangazi akakubali: pembeni ndipo pombe inapochachia vibaya, ndiyo maana bido ya zamani anaitupa. Kijana akauliza anafanyaje ili kasiksi isigeuke siki. Yeye wanatumia baridi.

"Miye siko na frigo," Shangazi akajibu. "Niko na asubui tu."

Maana yake ni kwamba anaiuza ikiwa imefika, na ikifika jioni hana kitu cha kuharibika. Kijana alipenda jibu hilo, akaliandika katika daftari lake. Lilikuwa daftari nene lenye kila mpiko, tarehe, joto, kimea kilitoka wapi. Kisha akaomba, kwa heshima kabisa, kama anaweza kuja siku moja kuona anavyozika ndizi. Angeleta hata kipimajoto.

Shangazi akageuka kwangu. "Umuambie macho inaniuma. Twende."

Nilikasirika, sitaficha. Njia nzima kurudi Mbarara nilikuwa nikijiuliza kwa nini mtu anakimbia heshima aliyoitafuta maisha yote. Basi lilipopita Masaka ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza: "Ukimuonyesha fasi ninapikiaka, na wengine wataiona."

Hapo nikakumbuka ukuta. Karibu na mlango wa baa ile kuna ukuta umechorwa hadithi ya kiwanda: sufuria jikoni, marafiki wanaonja, mpiko ulioharibika, sufuria kubwa zaidi, halafu matanki. Ni hadithi ya Grossman ileile, wamebadilisha mji tu. Siwalaumu. Ukiisoma mara ya pili unaona ni aina ya fasihi yenye kanuni zake, kama ngano: lazima kuwe na jiko dogo, lazima kuwe na kosa la kuchekesha, na lazima mwisho uwe mkubwa kuliko mwanzo. Mteja analipa 15,000 akinunua bia pamoja na ile sufuria ya kwanza. Udogo wa zamani ndio unaouza ukubwa wa leo.

Shangazi anazo sura tatu za kwanza, neno kwa neno. Sura ya sufuria kubwa zaidi ndiyo isiyowezekana. Kukua ni kuonekana: kibao mlangoni, moshi mwingi, baiskeli za ndizi zinazosimama kwako kila Jumatatu. Na yeye ameishi hapa miaka yote hii kwa kutoonekana. Huku kwetu amri hubadilika na watu. Kiongozi mmoja anafumba jicho, mwingine anakuja asubuhi na vijana wanne. Niliwahi kuwaona wakimwaga bido tatu nyuma ya nyumba yetu, lita 60, na nzi walikaa pale wiki nzima. Hakuna aliyeonja kabla ya kumwaga. Tangu hapo hajawahi kupika zaidi ya bido tatu, hata msimu wa harusi. Mtu anayejua kazi kiasi kile amejiwekea kimo, akakipima kwa kiasi anachoweza kupoteza asubuhi moja.

Siandiki kwamba wenye kumwaga hawana hoja. Wanawake wenzake wamepigwa na waume waliolewa, na wengine walilewa mlangoni kwetu. Kuna nyumba ambazo mahindi ya posho huishia kwenye pombe na watoto wanalala njaa. Na pombe kali ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2010 huko Kabale, si mbali na hapa, watu wengi walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Asiyetofautisha kasiksi na waragi ya magendo ataua watu, na anayezimwaga zote mbili kwa ndoo moja naye hatofautishi. Tena nchi hii ilishatuonyesha kwamba kinywaji cha magendo kinaweza kubadilishiwa nguo. Miaka ya 1960 sheria ya enguli ilikataza kukeneka pombe kali bila leseni, na kipindi hichohicho ikatokea chupa ya kiwandani, Uganda Waragi, iliyochukua jina la kinywaji cha wananchi. Jina lilipata leseni. Bibi aliyekuwa akikeneka alibaki kijijini kwake.

Narudi kwenye daftari, maana ndiko nilikotaka kufika. Grossman aliweza kumwaga mipiko 10 na akafaidika kwa sababu aliweza kuilinganisha. Kijana wa Kampala vilevile. Bila maandishi, kosa ni hasara tu. Ukiliandika, kesho unalo la kulinganisha.

Shangazi naye analo daftari. Miaka michache iliyopita alihudhuria mafunzo ya biashara ndogo ya shirika moja, siku tano, na cheti kiko ukutani. Waliwafundisha kuandika mapato na matumizi kila siku, na walimfundisha vizuri. Ameandika bila kuacha hata siku moja. Lakini mafunzo yalikuwa ya kuoka na kukaanga, na mkaguzi alikuwa akipita kuangalia. Kwa hiyo daftari lote, kuanzia ukurasa wa kwanza, linasema mandazi. "Mandazi, 30,000." "Ndizi za mandazi, 12,000." "Mandazi yameharibika, mvua." Kuna siku ameandika "mandazi yamechelewa kuchemka." Mkaguzi alitia sahihi.

Nimelisoma lote, kurasa 80. Ukijua ufunguo, ni kitabu kizuri kuliko cha Grossman. Kina misimu yote, ndizi za Januari zinavyokuwa na maji mengi, mtama wa nani unaota na wa nani ni wa zamani. Kina mpiko ulioharibika kila baada ya mvua kubwa, na ukifuatilia unaona alivyogundua kwamba shimo lilikuwa linaingiza maji, akalihamisha. Ni utafiti wa kweli. Lakini mtu yeyote atakayelifungua baada yake, hata mtoto wake mwenyewe, atakuta mwanamke aliyekaanga mandazi kwa ndizi nyingi ajabu. Ujuzi upo kwenye karatasi na umefichwa humohumo.

Ndugu wafanyakazi wa mashirika, najua mnasoma jarida hili, wengine hulisoma kutafuta mapendekezo. Siombi mradi wa pombe, najua hamtaweza kuueleza kwa wafadhili wenu. Nawaomba jambo dogo. Mkija kukagua daftari na kukuta ndizi nyingi mno kwenye mandazi, msikimbilie kuuliza nani kadanganya. Ulizeni mama huyu anajua nini, na kwa nini imembidi akiandike hivi.

Kuhusu kitabu: kikirudi rafuni kisomeni, hasa nusu ya kwanza, hata wewe usiyekunywa. Kinafundisha kuchomelea na subira. Ila mkifika kwenye ile mipiko iliyomwagwa, kumbukeni kwamba aliyeimwaga alikuwa mwenyewe, kwa mkono wake, mchana, na kesho yake akawasha moto tena.

Makala hii nilimsomea Shangazi yote jioni moja, nikigeuza Kiswahili changu cha shule kuwa cha nyumbani. Kwenye mandazi alicheka hadi akafuta macho. Kisha akaniambia nitoe mambo mawili, moja la njia na moja la mteja. Nimeyatoa.